Mvua kwa Ratili

Kila Jumamosi Araksi Kevorian huenda na mitungi yake mitupu kwenye duka la vyakula vya asili mjini Fresno, maana anayeleta chombo chake hupunguziwa. Huchota dengu pipani, hunusa jibini, huirudisha, huichukua tena. Vitu vizuri humtesa mwenye mfuko mwepesi.

Jumamosi ile hakutulia hata kidogo. Alisukuma kigari kati ya rafu kama anayefukuzwa. Shambani kwao mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka juzi, kisima kilikuwa kikavu, na katika mizabibu yote ya baba yake ulibaki hai mmoja tu, ule uliopandwa na babu.

Kwenye rafu za mboga spika zilitoa sauti ya radi, kama enzi zile kabla ya mabomba ya darini kunyunyizia mboga maji. Ila mabomba yalishaondolewa zamani. Mvua ilitoka darini, matone manene, ikanyeshea sukuma wiki tu. Wateja wakasogeza vigari vyao. Araksi alisikia harufu ya vumbi la kwao, akajua ni mvua ya shamba lao. Kisha kofia ya baba yake, iliyochukuliwa na upepo mwaka juzi, ikaanguka juu ya kabichi, jina lake likiwa ndani.

"Kaka, hii ya baba yangu," akamwambia muuzaji.

"Chukua tu, dada. Vitu vya watu vilivyopotea hatuuzi."

"Na mvua je? Nayo ni yetu."

"Aa, mvua ni bidhaa. Si kibao hicho hapo?"

Kibao kilisema: *Mvua ya hapa hapa. Haina kemikali. Kwa ratili, bei ya punguzo.*

Araksi alikisogelea kwa hasira. Akasoma bei, kweli ilikuwa nafuu kuliko maji ya chupa. Akaacha dengu, akakinga mtungi mkubwa. Kwenye mizani walitoa uzito wa chombo, wasimwibie hata tone.

Nyumbani mzee Hagop alivaa kofia yake, akanusa mtungi.

"Yetu hii."

"Ndiyo, baba."

"Wamekuuzia?"

"Kwa punguzo."

"Haya, si haba," akasema mzee. Akaumwagia mzabibu maji yote. Ukatoa jani moja palepale.

Wingu zito likapita juu yao bila kusimama, likielekea mjini.

"Jumamosi uwahi," mzee akasema, ameishikilia kofia kwa mikono miwili. "Na uende na ndoo."