Chakula cha Mheshimiwa

Mke wangu alipofariki aliniachia cherehani isiyo na mkanda na samaki mmoja. Cherehani haili. Samaki anakula, tena si chochote. Ukimtupia zile chembe kavu za dukani anazitazama zinavyozama, kisha anakugeuzia mkia. Kisichocheza hakimezi.

Mke wangu ndiye aliyempa jina la Mheshimiwa. Alifanya usafi miaka kumi na moja kwenye ofisi iliyokuwa na tangi la kioo. Ofisi ilipofungwa, wakubwa waligawana viti na meza, yeye wakamwambia, mama, chukua hilo tangi. Samaki walikuwa saba, akabaki huyu mwekundu mwenye mapezi marefu kama pazia. "Mtazame," alikuwa akiniambia, "kutwa kufungua mdomo na kufunga, kazi hafanyi, na chakula chake lazima kiwe hai. Kama huyu si mheshimiwa, ni nani?"

Siku zake za mwisho alilala hospitali akisubiri karatasi ya kuhamishwa ipigwe muhuri, na mwenye muhuri yuko kikaoni. Siku tatu, yuko kikaoni. Hata kuku anayeatamia huinuka akadonoa kidogo. Mke wangu akanishika mkono akasema, "Usimwache Mheshimiwa afe na njaa." Basi. Hakusema nijitunze, wala hakunikataza kuoa. Samaki tu.

Kwa hiyo nikawa mfuga viluwiluwi. Nina mabeseni mawili nyuma ya nyumba, maji ndani, majani makavu kiganja kimoja. Naliacha beseni wazi mpaka mbu watage, mayai yanaelea kama masizi, kisha nafunika chandarua na kukaza kwa mpira wa baiskeli. Siku ya nne wanafaa kuliwa. Siku ya saba wanaanza kuota vichwa vikubwa na kupinda mgongo. Hapo lazima uwahi, kwa sababu kiluwiluwi akishakuwa na kichwa kikubwa hali tena, anangoja tu mbawa aje akunyonye. Mimi nikiwaona hao huwa nakumbuka watu fulani. Lakini kwangu hakuna aliyewahi kuruka. Wote waliishia tumboni mwa Mheshimiwa.

Asubuhi moja akaja bwana afya, kijana wa viatu vya kung'aa, daftari kwapani.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa unafuga mbu."

"Marahaba. Nafuga samaki. Mbu wangu hawafiki utu uzima."

"Sheria inakataza maji yaliyotuama."

"Na lile dimbwi la mbele ya soko, tangu mvua za mwaka juzi, limetuama au limejipumzisha?"

"Lile ni la idara nyingine."

Akaandika, akapiga mihuri miwili, akaita mkokoteni. Mabeseni yangu sasa yalikuwa kidhibiti, yaani kitu cha ushahidi, na mkuu wake lazima akione kwa macho yake kabla ya kusikiliza kesi.

"Hili moja lina vichwa vikubwa," nikamwambia. "Chandarua kisitoke."

"Mzee, usinifundishe kazi."

Nilisema mara moja, kwa sauti yangu ya kawaida. Mara ya pili sikuona haja.

Siku mbili Mheshimiwa alikaa bila kula. Nilimkatia nyama nyembamba kama uzi nikaichezesha kwa kijiti. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake ameanza kuchanganyikiwa. Siku ya tatu mapezi yakalegea. Nikavaa koti nikaenda ofisini kuomba walau kikombe kimoja cha viluwiluwi wangu mwenyewe.

"Kidhibiti hakiguswi, baba," akasema karani wa mapokezi, mwanamke mcheshi mwenye umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. "Mpaka mkuu akione."

"Na mkuu yuko wapi?"

"Yuko kikaoni."

Nikakaa kwenye benchi la mapokezi. Mlango wa mkuu ulikuwa wazi. Mabeseni yangu yalikuwa juu ya kabati, na chandarua kimekunjwa vizuri pembeni kama nguo iliyopigwa pasi.  Kisha nikageuza kichwa.

Pale karibu na bega langu zilikuwa zimetundikwa ndoo mbili nyekundu zilizoandikwa MOTO. Moja ilikuwa na mchanga. Ya pili, bati la juu yake linavuja, ilikuwa imejaa maji ya mvua. Na ndani, jamani, wanacheza! Wanene kuliko wangu, wamekula maji ya serikali.

Kesho yake nilirudi na chujio la chai ndani ya kofia na chupa ya jamu ndani ya koti.

"Baba, umekuja tena?"

"Nafuatilia kesi yangu, binti."

"Mkuu bado yuko kikaoni."

"Nitasubiri. Nimezoea."

Akigeuka kupokea simu, nachota. Simu za ofisi ile ni ndefu, namshukuru Mungu. Siku ya tatu akanidaka chupa ikiwa mkononi. Akainamia, akatazama, akakunja pua.

"Hii chai gani, baba?"

"Chai ya Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yupi?"

"Yule asiyehutubia."

Akacheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo, nikifika, simu ilikuwa inampigia hata kama haijalia.

Na nyumbani yule bwana mkubwa alipanda juu kupokea, mapezi yamefunguka, ananyakua mmoja mmoja, tap, tap. Nikamwambia mwenye picha ukutani: unaona?

Ofisini, kwa upande wao, makofi yalianza. Paa shingoni, paa mguuni. Karani akavuta soksi mpaka magotini. Bwana afya alivimba jicho moja, akawa anakagua watu kwa jicho lililobaki.

Siku ya nane mkuu akatoka kikaoni, akaniita ndani. Mtu mnene, miwani puani, anajikuna shavu.

"Wewe ndiye mfuga mbu?"

"Mfuga samaki, mkuu."

"Bwana afya, shusha kidhibiti."

Yakashushwa mabeseni yote mawili. Tukainamia sote watatu. Maji matulivu, na juu yake vijigamba vyepesi kama pumba. Hakuna kinachocheza.

"Wako wapi?"

Jibu likapita kwenye sikio lake likiimba. Paa! Akafungua kiganja, akakuta damu.

"Hiyo damu ni yako, mkuu," nikasema. "Mimi walikuwa hawajanila."

"Nani aliondoa chandarua?"

Bwana afya akaangalia viatu vyake. "Tulifunua ili uone, mkuu. Ila ulikuwa..."

"Nilikuwa wapi?"

"Kikaoni."

Niliwahi kulisikia neno hilo siku tatu nikiwa nimeshika mkono unaopoa. Sikuwahi kufikiri litanifurahisha.

Mkuu akajikuna kwa kirefu. "Kesi haina kidhibiti. Mzee, chukua mabeseni yako. Na uyafunike!"

"Ndivyo yalivyokuja, mkuu."

Nikasikia nyuma yangu bwana afya akiamriwa atafute hao mbu wengine wanatoka wapi. Ametafuta siku mbili nzima: vyungu vya maua, choo, nyuma ya kabati. Chini ya ile ndoo nyekundu anapita kila saa. Ile ni ya idara nyingine.

Mabeseni yangu yatachukua siku kadhaa kushika tena. Kwa sasa napita pale asubuhi kutoa shukrani, na simu ya karani inaanza kumpigia nikiwa bado mlangoni.