Risasi Themanini

Kwenye mizani ya jikoni, mahali palipozoea kukaa bakuli la unga, asubuhi hiyo lilikaa kasha la risasi. Fundi Saa aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha mizani, akasoma, akanyanyuka, akavaa miwani, akainama tena. Kilo nne na gramu mia tisa. Shirika la ndege liliruhusu kilo tano kwa kila abiria, kasha na vilivyomo ndani yake, na yeye alikuwa amebakiza gramu mia moja za heshima.

"Umelipima mara ngapi hilo?" mkewe aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, bakuli mkononi, akiingojea mizani yake.

"Mara sita."

"Kulungu mmoja, risasi themanini. Au mnakwenda vitani wewe na mwanao?"

"Nyingine ni za kujaribia shabaha, mama watoto. Bunduki ikisafiri inabadilika tabia."

"Si bunduki peke yake. Nirudishie mizani yangu, na uipanguse vizuri. Sitaki kula baruti."

Fundi Saa aliipangusa huku akiguna. Wiki tatu nzima zilikuwa zimemtoa jasho na subira. Polisi walitaka barua ya chama cha wawindaji. Chama cha wawindaji kilitaka kwanza nakala ya kibali cha polisi. Kila mmoja akimtuma aanzie kwa mwenzake, naye katikati akizunguka kama pia. Nchi aliyokuwa akienda ilimletea fomu ya kurasa saba, na katika ukurasa wa tano ilitaka kujua rangi ya sanduku la bunduki. Alijaza "nyeusi", karani wa ubalozi akaikataa kwa kuwa hakutumia herufi kubwa. Mtu aliyefungua na kufunga saa za watu kwa miaka arobaini hasumbuliwi na skrubu ndogo. Binadamu ndio walimshinda.

Hata hivyo alitimiza kila kitu. Bunduki aliilaza ndani ya sanduku gumu lenye kufuli mbili, komeo lake amelichomoa na kulifunga mbali. Risasi alizitia katika kasha la mti mgumu alilolichonga mwenyewe, vitundu themanini, kila kitundu kimetandikwa kitambaa laini kilekile alichokitumia kulazia mitambo ya saa. Ukilitikisa kasha hilo usingesikia hata mnong'ono. Na risasi zenyewe, hapo ndipo macho yake yalipong'aa, alizijaza kwa mikono yake. Miezi minne alikaa kwenye meza ya kazi, akiipima baruti ya kila ganda mara tatu kwa kimizani cha vito, akifunga vichwa kimoja kimoja. Hakuna kiwanda duniani, alisema, kinachoweza kuwa na uvumilivu huo.

Mwanawe alikuwa amemwandikia asijisumbue. Huku risasi zimejaa madukani, Baba, njoo na bunduki yako tu, au hata hiyo iache, nitakuazimia yangu. Fundi Saa aliisoma barua hiyo, akaikunja mara nne. Siku ya pili yake akaagiza baruti.

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka tisa. Kijana alikuwa amefundishwa ufundi kwenye meza ya baba yake, akawa na mkono mwepesi kuliko wa mwalimu wake, kisha siku moja akasema saa zimekufa, kila mtu anatazama simu, na kwamba ameshapata kazi ng'ambo. Baba alimsikiliza hadi mwisho. "Nenda," alimwambia. "Lakini usije ukanitumia kitu. Hutaniona nimekunyooshea mkono." Na kweli hakuunyoosha. Koti la baridi lilikuja, likarudishwa kama lilivyokuja. Miwani ikaja, ikarudishwa. Simu mbili zilikuja. Mkewe alichukua moja bila kuomba ruhusa ya mtu, na ya pili ikarudi. Safari hii mwanawe aliandika kwamba msimu wa kuwinda ni siku sita tu, kwamba ameshakata vibali viwili, na kwamba baba asipokuja mwaka huu, yeye mwana hataandika tena. Hakuandika kwa ukali. Hilo ndilo lililomtia baba yake hofu.

* * *

Kiwanja cha ndege kilikuwa na dirisha la polisi upande wa kushoto wa mlango, na nyuma ya dirisha hilo palikuwa na kiti kitupu chenye kofia juu yake. Fundi Saa na mkewe walisubiri dakika thelathini na tano wakiitazama kofia. Afande alipotokea alikuwa bado anafuta mdomo.

"Mzee wangu, una mzigo gani?"

"Bunduki moja ya kuwindia. Risasi themanini. Vibali hivi hapa."

Afande alizihesabu risasi kwa kidole, moja moja, bila haraka. Alipofika hamsini na kitu simu yake ikalia. Akazungumza na mtu kuhusu bati za paa, akacheka, akakata, akalitazama kasha.

"Tulikuwa ngapi?"

"Hamsini na nne," alisema Fundi Saa.

"Hapana, tusidanganyane. Tuanze upya."

Walianza upya. Muhuri ulipogongwa hatimaye, wino ulikuwa umekauka, ikabidi atafutwe mwenye wino. Fundi Saa alisimama wima, mikono nyuma, akisoma kimyakimya majina ya viungo vyote vya saa ya mkononi, dawa aliyoitumia kila hasira ilipompanda. Siku hiyo alivimaliza vyote akarudia.

Kwenye kaunta ya mizigo walipokewa na binti mwenye sauti ya upole na kalamu nyuma ya sikio. Alilipima sanduku la bunduki, akaliweka kando. Akalipima kasha la risasi: kilo nne na gramu mia tisa. Fundi Saa alimtupia mkewe jicho. Mkewe akatazama dari.

"Umefunga vizuri sana, baba," karani alisema, na alimaanisha. Alikifungua kifuniko, akapitisha macho juu ya zile safu zilizonyooka. "Watu wanatuletea risasi ndani ya soksi. Haya, nijaze fomu tumalize. Za kiwanda gani hizi?"

"Si za kiwanda. Nimezitengeneza mwenyewe."

Kalamu ilisimama. Karani alitazama nyuma yake, akatazama foleni, kisha akainama mbele na kupunguza sauti.

"Labda hukunielewa, baba. Nauliza ulizinunua wapi. Pengine karatasi ya duka imepotea. Inatokea."

Alikuwa amemfungulia mlango, na mwenye akili angepita. Mkewe alielewa papo hapo, alimfinya mumewe ubavuni kwa vidole viwili, akasema haraka, "Ndiyo, imepotea, mwanangu, mzee huyu kwa kupoteza karatasi hajambo."

Lakini Fundi Saa alikuwa ameguswa pabaya. "Duka?" alisema, na sauti ikapanda. "Binti yangu, zitazame. Unaweza kuipata dukani risasi kama hii? Kila moja nimeipima baruti yake mara tatu. Ukiipata moja iliyozidi mwenzake hata kwa chembe ya vumbi, nakupa zote." Akaichomoa moja na kuinua kwenye mwanga, watu wote wa foleni waione.

"Mungu wangu," mkewe alisema, akafumba macho.

Karani aliichukua risasi ile taratibu, akairudisha kitunduni, akafunga kifuniko. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyejaribu. "Basi siwezi, baba. Shirika letu linapokea za kiwandani tu. Imeandikwa kwenye karatasi ya masharti, sharti la mwisho."

"Hilo limeandikwa kwa ajili ya wababaishaji."

"Limeandikwa kwa ajili ya wote. Ya kiwanda ikileta balaa, ninaye wa kumuuliza. Ya kwako nitamuuliza nani?"

"Utaniuliza mimi."

"Wewe utakuwa ndani ya ndege hiyohiyo, baba."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, mwingine akafyonza. Karani alieleza yaliyobaki kwa sauti ya kazi: bunduki inaweza kwenda, risasi haziwezi. Mama hawezi kuzirudisha nyumbani kwa sababu kibali si chake. Zitabaki stoo ya polisi hadi mwenyewe arudi. Au mzee aahirishe safari. Ndege nyingine iko baada ya siku tano. Kaunta inafungwa baada ya dakika ishirini.

Fundi Saa alilibeba kasha lake, akaenda kuketi kwenye benchi la chuma pembeni. Mkewe alimfuata. Alikuwa amechoka naye, na hakujisumbua kuficha.

"Nilikufinya."

"Niliona."

"Neno moja tu. 'Dukani.' Ungekuwa unakunywa chai huko ndani sasa hivi."

"Nidanganye kazi ya mikono yangu?"

"Aa, usiniletee heshima ya kazi hapa." Aliketi, mkoba magotini. "Miaka tisa mtoto amekunyooshea mkono, umeuacha hewani. Akikupa koti, una koti. Akikupa macho, una macho. Sasa umebeba mpaka risasi, kwenda kwenye nchi ya watu wenye risasi. Ungeweza ungebeba na kulungu kutoka hapa, ili usile cha mwanao. Mimi nimechoka. Rudi nyumbani ukitaka, lakini safari hii utamwandikia mwenyewe. Mimi siandiki."

Fundi Saa alilitazama kasha, akaona jinsi kurudi kulivyokuwa kwepesi. Angepanda gari, angelirudisha kasha kabatini, angesema walimzuia. Ingekuwa kweli, tena kweli yenye muhuri, na nusu ya mji ingempa pole. Mwanawe naye angesema, "Pole, Baba," kisha asingesema kitu kingine maisha yake yote.

Karatasi ya masharti ilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Aliitoa. Masharti manne ya mwanzo alikuwa ameyapigia mstari wa kalamu nyekundu, kila mstari umenyooka kama kawaida yake. La tano halikuwa na mstari. Hakuweza kusema hakuliona, kwani tangu ujana wake hakuwahi kuacha kitu bila kukisoma hadi mwisho. Alikuwa amelisoma, akaliruka, kisha kwa miezi minne akaamka kila alfajiri kujaza risasi ambazo upande fulani wa moyo wake ulijua hazitapanda ndege. Aibu ilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alikuwa mzee wa miaka sitini na nane, na alikuwa amejitengenezea kwa ustadi mkubwa sababu ya kutokwenda.

"Nipe simu," alisema.

Mkewe alimtazama kwanza, kisha akaitoa mkobani. Ilikuwa ile iliyotoka ng'ambo. Kwa miaka mitatu yeye hakuwahi kuigusa. Mkewe alimbonyezea namba na kumwekea sikioni, naye akaishika kwa mikono miwili.

"Haloo, Mama? Ameshaingia ndani?"

"Si mama."

"Baba? Kuna nini? Mama yuko salama?"

"Mama yako yuko hapa, ananitolea macho. Sikiliza. Risasi zangu zimekataliwa."

"Zile ulizojaza mwenyewe?"

"Hizo."

Alingoja aambiwe kwamba alionywa. Hakuambiwa. Mwanawe alivuta pumzi tu, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshashuka, kama ya mtu anayerudisha vyombo kabatini. "Kwa hiyo huji."

"Nimesema risasi zimekataliwa. Mimi sijakataliwa." Alikohoa. Neno lililofuata lilikuwa limekaa miaka tisa na lilikuwa limeota kutu. "Nilitaka nikuombe. Nakuomba uninunulie risasi. Kumi zinatosha."

"Kumi."

"Kumi. Unakijua kipimo cha bunduki yangu?"

"Nakijua, Baba. Nimekibeba tangu utoto." Aliongea haraka sasa. "Lakini kuna za aina nyingi hapa, uzito wa vichwa tofauti, baruti tofauti. Sitaki kukosea. Niambie unataka zipi hasa, niandike, kalamu ninayo."

Fundi Saa alifumbua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, limepangwa, hadi chembe ya mwisho. Angeweza kuongea juu yake hadi ndege iondoke. Kule kaunta karani alikuwa anatazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa nyuma kwa dakika mbili.

"Chagua wewe," alisema.

Alidhani simu imekatika. Aliitoa sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mimi?"

"Wewe. Nitatumia utakazonipa."

"Haya, Baba," mwanawe alisema, akakata simu bila kuaga.

Mkewe alichukua simu, akalichukua na kasha la risasi, akaelekea nalo kwenye dirisha la polisi, akiita kutoka mbali, "Afande! Njoo uhesabu tena!"

Fundi Saa alirudi kwenye foleni. Watu walimpisha, wengine kwa huruma, wengine kwa kuogopa hotuba nyingine. Aliweka mikono yake juu ya kaunta, mitupu, na haikujua ikae vipi.

"Andika, binti yangu," alimwambia karani. "Bunduki moja. Risasi hakuna."