Sisimizi Waliohamia kwa Mauwa

Kila asubuhi, kabla hajaanza kufua, Mauwa alimwaga maji chooni kwake kuwafukuza sisimizi. Siku zile za Mwingereza, Temeke nzima ilijua kwamba sisimizi wakifuata mkojo wa mtu, mtu huyo ana kisukari. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya duka, Sakinabai, mke wa Mhindi mwenye duka, naye alikuwa na sisimizi wake, wengi vilevile. Mauwa ndiye aliyemfulia mashuka, na kuwaona sisimizi wale kulimfariji. Angalau kwa hili walikuwa sawa.

Kisha Sakinabai akapelekwa hospitali ya mjini, akarudi na sindano na kichupa cha dawa. Wiki haikuisha, sisimizi wake wakahama. Walivuka barabara mchana kweupe, mayai vinywani, wakiwapisha wenye baiskeli. Mwinjuma, muuza mkaa, aliwasogezea gunia wapite. Aliye nacho huongezewa. Mauwa aliongezewa sisimizi.

Mauwa aliona wivu, akawasimamia mlangoni.

"Mayai mmebeba," aliwaambia. "Dawa je?"

"Shikamoo, mama," alijibu wa mbele. "Dawa iko sebuleni. Sie tulikuwa wa chooni tu."

Baadaye Mauwa alipata kidonda mguuni. Kilipokataa kupona, sisimizi walimbeba juu ya mkeka wake hadi hospitali ileile. Kwenye mlango wa Wahindi, mhudumu aliwaomba wasikanyage sakafu, ndiyo kwanza imepigwa deki, akawaelekeza upande wa Waafrika. Huko mganga alikitazama kidonda, akawatazama sisimizi.

"Wamepima vizuri," alisema. "Ni kisukari. Ila sindano zile haziletwi upande huu. Acha sukari."

"Sukari yenyewe ya mgao," alisema Mauwa. "Mie mara ya mwisho nimeionja Idi."

"Basi endelea hivyohivyo."

Wakamrudisha nyumbani. Kesho yake alifua ameketi, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sisimizi wakamsaidia kuanika. Mashuka yalipanda kamba yenyewe, ungedhani yana miguu. Sakinabai alitoka kuyatazama. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa.

"Hawa walikuwa wangu," alisema, na wivu wake haukufichika. "Nirudishie, Mauwa. Kazi za nyumbani zimenizidi."

"Lete sindano, mama, uwachukue wote."

Sakinabai alicheka sana, akadhani ni utani. Kisha akaingia ndani, maana saa yake ya kuchomwa ilikuwa imefika.