Kata Hapahapa, Mbele ya Kaunta

Biashara isiyogomba hufa kimyakimya. Wanaosema biashara haigombi hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka linalokata roho, wakamtazama mzee wao akimwinamia mtu anayemmaliza.

Mzee huyo ni baba yangu, Kiyotaka Inaba. Baba aliinamia kila mtu. Aliyenunua aliinamiwa, aliyerudisha bidhaa aliinamiwa, aliyeingia kuuliza njia ya stesheni aliinamiwa mpaka akaona haya. Baba aliinamia hata simu, na simu haina macho.

"Mteja ni mungu, Natsuho," alizoea kuniambia.

"Mungu wa umaskini naye yupo, baba. Huyo pia tumkaribishe ndani?"

Alicheka, akaendelea kuinama.

Tunauza modeli za plastiki: ndege, manowari, vifaru, magari na roboti, vyote vikiwa vipande vipande ndani ya boksi, vimeshikamana na fremu zake, vinamngoja mtu mwenye subira avikate, avilainishe kwa msasa, aviunganishe na kuvipaka rangi. Hapa Shizuoka ndiko zinakotoka. Viwanda viko karibu, unaweza kwenda kwa baiskeli. Ungedhani mji unaozaa modeli hauwezi kukosa maduka ya modeli, lakini nilipokuwa shule ya msingi kila mtaa wa Shimizu, upande wetu wa mji, ulikuwa na duka lake, na nilipomaliza chuo lilibaki la kwetu. Kila duka lililofungwa lilituletea mabaki yake, vikopo vya rangi na maboksi yaliyopaushwa na jua. Wenyewe wakasema, "Inaba, wewe endelea kwa niaba yetu." Rafu zetu zikawa makaburi ya wenzetu.

Watu wanalaumu mtandao, na ni kweli kiasi. Lakini waliotuua hasa walikuja kwa miguu, wakapanga foleni kwa adabu. Ni walanguzi. Roboti mpya anayetamaniwa na nchi nzima akitoka, duka dogo kama letu hupewa maboksi machache. Mlanguzi analijua duka, anaijua siku, anafika na watu aliowakodi, anayazoa yote, na kabla hujafunga droo ya pesa, maboksi yako mtandaoni kwa bei mara tatu. Baba aliona ni heri. Maboksi si yameisha? Hakutaka kuona kwamba mlanguzi hanunui gundi. Hanunui rangi, hanunui msasa wala brashi, na hatarudi wiki ijayo kuomba ushauri. Duka la modeli halishibi kwa boksi. Linashiba kwa mtu anayerudi, na wanaorudi, wakikuta rafu tupu kila mara, huacha.

Mwaka jana, baada ya sikukuu ya mwaka mpya, mwenye nyumba alikuja. Bwana Terauchi ndiye mwenye jengo letu, ndiye mwenye duka la chai mkabala, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya wafanyabiashara wa mtaa. Akasema mkataba wa pango unaisha mwezi wa tatu na hana haja ya kuuongeza. Pale kwetu ataweka mashine zinazotema vikaragosi ukitumbukiza sarafu.

"Hazilali, hazili, hazizeeki," alisema. "Na mpwa wangu Ryuma atazisimamia. Kijana mchapakazi yule."

Baba aliinama. Mimi nilisimama wima, kwa sababu huyo Ryuma nilikuwa nikimfahamu. Ndiye aliyekuwa mbele ya foleni yetu kila anapotoka roboti mpya.

Terauchi alipoondoka nikamwambia baba, "Tuna miezi miwili. Niachie kaunta."

"Utaigeuza uwanja wa vita."

"Wewe uliigeuza ukumbi wa mazishi. Tujaribu na vita."

Akavua aproni yake, akanikabidhi.

Wiki mbili baadaye akatoka Hayate, roboti ambaye watu walikuwa wakimsubiri kwa hamu. Sisi tulipewa maboksi manane. Asubuhi hiyo nilibandika tangazo mlangoni: boksi moja kwa mtu mmoja, boksi litafunguliwa hapahapa, mnunuzi atakata kipande cha kwanza kwa mkono wake, mbele ya kaunta, kisha atalipa.

Ni sharti dogo. Kwa muundaji si sharti hata kidogo. Angekata kwenye treni kama angeruhusiwa. Lakini kwa mlanguzi boksi lililofunguliwa si jipya tena, na kipande kilichokatwa hakirudi kwenye fremu.

Ryuma alikuwa wa kwanza, na nyuma yake vijana wanne wa kukodiwa wanaopiga miayo. Nyuma yao alisimama Mama Fumiyo, msaidizi wa daktari wa meno, ambaye hujenga manowari na kuzisugua kwa vifaa vya kusafishia meno. Wengine walikuwa wa aina yake, watu ambao kucha zao daima zina doa la rangi.

Nikafungua boksi. Ryuma akaruka kama niliyemfungulia chui.

"Wee! Wee! Nani kakwambia ufungue?"

"Tangazo liko mlangoni, Bwana Ryuma. Koleo hii hapa. Kata kipande chochote unachokipenda."

"Nitakata nyumbani kwangu!"

"Nyumbani kwako utaendelea. Unaanzia hapa."

Wale vijana wanne walitazamana. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa posho yetu inakuwaje?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Ryuma akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Oneni, jamani! Duka la Inaba, Shimizu! Wanaharibu mali ya wateja mchana kweupe!"

"Mwache, binti," Mama Fumiyo akasema kutoka nyuma. "Hajui kukata huyo. Utamtia aibu bure."

"Sijui? Mimi?" Ryuma aligeuka, shingo imemvimba. "Nimeunda modeli kabla wewe hujazaliwa!"

"Basi una sura changa kweli, babu," alisema Mama Fumiyo, ambaye ana wajukuu.

Hapo ndipo Ryuma alipofanya lile jambo. Mkono mmoja umeshika simu, kwa mwingine akaikandamiza fremu juu ya kaunta, akakichagua kipande kikubwa kuliko vyote, bamba la kifua cha Hayate, akakibana kwa kidole gumba na cha shahada, akakinyonga. Koleo hakuigusa. *Kra!* Kipande kikatoka na jeraha jeupe ubavuni, plastiki imeraruka kama ngozi ya kidole.

Foleni nzima ililia. Sitii chumvi, ililia: "Aaaah!" kwa pamoja, kama mtu aliyeona mtoto anaanguka kwenye ngazi. Mama Fumiyo alifunika macho. Hakuna muundaji duniani anayenyonga kipande kwa vidole. Unakata mbali kidogo na kipande, kisha unakata tena karibu, kisha msasa. Hilo tunalijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Ryuma hakuelewa wanalia nini. Alidhani wanamzomea. Akalitupa bamba juu ya kaunta, akaondoka bila kulipa, na vijana wake nyuma kama mkia. Maboksi saba yaliyobaki yalikatwa mbele yangu na watu saba wanaotabasamu, na hakuna aliyetoka bila gundi au rangi. Siku hiyo niliuza vikopo ambavyo mwenzetu mmoja alituachia alipofunga duka lake.

Jioni Ryuma akaiweka video mtandaoni, nzima nzima, na yowe lile likiwa ndani kama ushahidi kwamba tulimzomea. Walikuwepo waliomwonea huruma. Kesho yake Terauchi akavuka mtaa, uso umekunjamana.

"Inaba, jina la mtaa limechafuka. Jumapili jumuiya inakutana kwenye duka langu. Binti yako atakuja aombe radhi mbele ya watu wote. La sivyo, mwezi wa tatu ni mbali, mtatoka mapema."

Baba aliinama mpaka nikaona shingo yake ya nyuma. Kisha akaenda kununua boksi la yokan, ile halua ya maharage ambayo kwetu hakuna msamaha unaosafiri bila yake. Akaliweka kaunta, limefungwa kwa karatasi ya zambarau.

"Ni maneno tu, Natsuho. Mimi nimeyasema maisha yangu yote, na niko hai."

"Uko hai, baba. Duka je?"

Tukapitisha siku mbili bila kusemezana, ila "chai iko tayari" na "funga mlango".

Jumamosi mchana Mama Fumiyo akaingia akihema, simu mkononi. "Mzee Inaba, umeiona? Njoo uone dunia!"

Baba alikuwa hajaitazama video. Akavaa miwani, akatazama. Akamsikia Ryuma akifoka. Akaona vidole vinashika bamba, vinanyonga. Na baba yangu, mtu asiyepaza sauti hata akijigonga kidole kwa nyundo, akalia, "Aaah!"

Chini ya video maelfu ya watu walikuwa wamelia hivyohivyo. "Nani ananyonga kwa vidole? Nimeshindwa kula." "Kifua cha watu jamani!" "Huyu si mteja, huyu ni mlanguzi, tazameni mkono wake." Ryuma alikuwa amejianika mwenyewe mbele ya kila muundaji wa nchi hii, na wa kwanza kumjua walikuwa wale ambao rafu zao zilikosa Hayate kwa sababu yake. Kisha wakauliza kitu kingine: hilo duka liko wapi?

Baba alirudisha simu kwa mikono miwili. Akaenda kwenye kaunta, akachukua lile boksi la Hayate lililokataliwa pamoja na bamba lenye jeraha, akaketi kwenye meza ya nyuma ambayo hakuigusa tangu mama alipofariki. Nikasikia koleo: *tik*, kimya, *tik*. Sikumsemesha. Mtu akiwa pale hasemeshwi.

Jumapili asubuhi Hayate alikuwa amesimama dirishani. Jeraha halikuzibwa. Baba alilipaka rangi ya fedha na masizi kidogo, likawa kovu la vita, na ungeapa kwamba kiwanda kilikusudia hivyo. Boksi la yokan lilikuwa bado kwenye kaunta.

Nilipovuta mlango wa bati juu, foleni ilikuwa imeshapita duka la viatu lililofungwa, imepita la kimono lililofungwa, imefika kona. Wametoka Hamamatsu, wametoka Nagoya, mmoja kaendesha pikipiki kutoka Kobe. Hayate hatukuwa naye. Hawakujali.

"Nipe chochote nikate," alisema yule wa Kobe. "Hata hicho kifaru kilichopauka."

Walikata vifaru vilivyopauka, walikata ndege za maduka yaliyokufa. Kila aliyekata alipigiwa makofi na waliokuwa nyuma yake. Nikaona foleni ina njaa. Nikachana karatasi ya zambarau, nikakata yokan vipande vyembamba, nikaipitisha. Waliokula halua wakataka chai, wakavuka mtaa. Mpaka adhuhuri Terauchi alikuwa ameishiwa majani ya chai siku ya jumuiya yake mwenyewe.

Akaja. Akasimama katikati ya duka, macho kwenye karatasi iliyochanika.

"Hiyo ilikuwa ya radhi."

"Ilikuwa tamu sana," alisema Mama Fumiyo, akilamba kidole.

Terauchi akashusha sauti. "Binti, nina macho. Mkataba nitauongeza. Mashine zitasubiri. Lakini sema maneno mawili tu, wanachama wasikie, nami niweze kumtazama usoni dada yangu, mama yake Ryuma. Inaba, mwambie mwanao."

Nikamtazama baba. Nilikuwa tayari kuuona mgongo wake ukishuka, na nilikuwa tayari kumsamehe. Baba akachukua koleo, akamwekea mkononi mwanamke aliyefuata kwenye foleni.

"Kata mbali kidogo na kipande, mama," alisema. "Taratibu. Hivyo."

Mgongo wake ulikuwa wima.

Mwezi wa tatu ulikuja, ukapita, na mlango wetu uko wazi. Meza ya nyuma imeongezwa viti, na Jumamosi husikii kitu ila *tik, tik*. Mmoja wa wale vijana wa kukodiwa ana kiti chake hapo. Aliyemfundisha msasa ni Mama Fumiyo, naye hana huruma. Terauchi ni mtu wa utaratibu. Kila anapokuja kuchukua pango hunikumbusha kwamba lile deni la maneno mawili bado lipo, nami kila mara namjibu kwa heshima zote, nikiwa nimesimama wima kama baba.

"Karibu chai, Bwana Terauchi. Radhi siombi."