Muhuri wa Ndala

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE. Ofisi ya Mtendaji wa Kata inayo furaha kuutangazia umma kwamba naloksoni, dawa ya kumzindua mtu aliyezidisha unga wa kulevya, sasa inapatikana katika zahanati yetu, saa zote, bila malipo.

Ofisi hiyo ilikuwa mimi. Muhuri niliukata kwa wembe kutoka kwenye kisigino cha ndala yangu ya kushoto, likizo ya kidato cha tatu, na nathubutu kusema ulitoka safi kuliko ule wa serikali.

Sababu ilikuwepo. Miaka mitatu mfululizo Nesi Selina alisimama kwenye mkutano wa hadhara akaomba dawa hiyo iletwe zahanati. Miaka mitatu mfululizo mtendaji, Mzee Chenge, alijibu kwamba mwongozo unairuhusu kwenye hospitali kubwa tu, ila suala linashughulikiwa. Mwaka wa tatu sisi vijana, tuliokaa juu ya jabali, tulilitamka neno hilo pamoja naye kama kiitikio cha misa. Nikaona nimsaidie kushughulikia. Nilitaka watu wajae ofisini kwake wakiuliza dawa, aaibike, nami nicheke.

Nilibandika alfajiri, kwenye ubao wa matangazo wa kata. Saa mbili nilikuwa pale ubaoni nikifurahia kazi yangu, akaja jirani yetu Mama Venant na beseni lake la dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi. Hebu nisomee, macho yangu haya ya kazi gani."

Nikamsomea kwa sauti ya padri. Hakucheka. Alishusha beseni.

"Kwa hiyo Venant wangu akizidiwa, sina haja ya kumkimbiza mjini? Namleta hapa hapa?"

Kusema ni utani kulihitaji maneno mawili. Lakini nilishavaa sura ya serikali, na sura ile haikutaka kuvulika.

"Ndivyo serikali inavyosema, mama."

"Mungu awabariki," akauambia ubao.

Siku nne baadaye, mchana, Venant alikutwa nyuma ya choo, midomo imebadilika rangi. Kijana wa bodaboda alitaka kunyoosha mjini. Mama Venant, aliyempakata mwanawe nyuma, akamwamuru akate kona ya zahanati. Nesi Selina alimpulizia pumzi mpaka yeye mwenyewe akaishiwa, huku akiita watu watafute gari.

"Toa dawa!" Mama Venant alipiga kelele. "Si mmetangaza?"

"Dawa gani, dada? Sijawahi kupewa!"

Gari lilipopatikana, hakukuwa tena na haraka.

Msibani kila mtu alishajua kilichotokea: nesi ameiuza dawa. Imetangazwa, imepigwa muhuri, imekwenda wapi? Siku ya tatu Mzee Chenge alisimama chini ya turubai akasema Selina amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Kuhusu tangazo, hakusema kwamba si lake. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakimsifu.

Selina alikaa ukingoni mwa mkeka. Nilikuwa nikigawa chai, na vikombe vilimruka bila mtu kuniagiza. Nilipomfikia Mama Venant, aliyeketi chini, macho yake yalikuwa usawa wa miguu yangu.

"Msomi, ndala yako imeliwa na nini?"

Panya, ningesema. Nilikuwa nimetoka bwenini na uongo bora kuliko huo. Lakini tundu lilikuwa la duara kamili, na Mzee Chenge naye alikuwa akilitazama. Aliinua macho, akanitikisia kichwa kidogo sana. Usiseme.

Kumbe tulikuwa ofisi moja.

Nikaweka birika chini.

"Nimeikata mimi, mama. Nilitengenezea muhuri. Zahanati haijawahi kuwa na dawa."

Hakunipiga. Alinikazia macho, kama mtu aliyesahau miwani.

"Nisomee tena," akasema.

Nikalisoma tangazo lote kwa kichwa, mbele ya watu, bila sauti ya padri. Nilipofika penye saini ya mtendaji, nikataja jina langu.