Bi. Pickett wa Matangazo ya Pili

Roscoe Hanley alibonyeza kitufe cha kinasa sauti, akakunja mikono kifuani kama mtu aliyekwishashinda kesi. Ukumbi wa chini wa hoteli moja ya Dayton ulijaa wanachama wa chama cha wapenzi wa vichekesho vya redio vya zamani, watu wa kubishana mchana kutwa nani aliigiza mlio wa paka katika kipindi gani. Kaseti, iliyonakiliwa kutoka santuri ya zamani, ikaanza kuzunguka. Mlango ukagongwa, kisha sauti ya mwanamke, kali, ya kubana pua, ikasema, "Nawasikia humo ndani!" Watazamaji waliokuwa studioni mwaka 1946 wakaangua kicheko.

"Huyo ndiye Bi. Pickett wa matangazo ya pili, jamani!" Roscoe akasema. "Miaka yote tunaulizana nani alishika nafasi ya mwigizaji wake, Opal Greer, siku ile inayosemwa alikufa. Hakuna aliyeishika. Ni Opal mwenyewe!"

Verna Greer alikuwa amekaa nyuma kabisa. Opal alikuwa mama yake.

Enzi hizo vipindi vilikwenda hewani moja kwa moja. Waigizaji waliwachekesha watu wa mashariki, wakaenda kula, kisha wakarudi studio kuwachekesha wa magharibi, ambako saa ziko nyuma, kwa maneno yale yale; hayo ndiyo matangazo ya pili. Katika mapumziko ya siku ile, lori lilimgonga mwanamke kwenye barabara moja jijini Chicago, likamharibu uso. Bibi yake Verna alimtambua kwa koti tu, akamzika kama mwanawe. Majirani, midomo yao haina breki, wakasema koti huazimwa. Opal katoroka na bwana, kaenda zake California, kamtupa mtoto mchanga. Verna alikua na maneno hayo shingoni. Alijiunga na chama hiki apate kuyakanusha, na sasa kaseti inasema maiti yule hakuwa mama yake.

"Pole, dada," Roscoe akamwambia baadaye. "Lakini haya masikio yangu hayajawahi kunidanganya."

"Afadhali hayo masikio. Huo mdomo je? Santuri umeitoa wapi?"

Alipewa na Emmett Lusk wa Kokomo, aliyekuwa fundi wa milio wa kipindi kile, wa kupiga hodi na kufunga milango, na ndiye pekee aliyebaki hai. Asubuhi yake Verna akawasha gari.

Mzee Lusk alimkaribisha sebuleni, akaenda jikoni kuleta kahawa. Pembeni ulisimama mlango mdogo wa mbao kwenye fremu yake, ule aliokuwa akiugonga studioni kutoa mlio wa hodi, ambao haukuelekea popote. Verna alipokuwa akiutazama, ukagongwa. Alichungulia nyuma yake; hapakuwa na mtu. Mzee alitokea, kikombe kila mkono.

"Usinitanie, mzee wangu. Moyo wangu haupo kwenye mizaha leo."

"Ningekuwa nakutania ningefurahi," Lusk akasema. "Unagonga hivyo tangu Roscoe arudishe santuri yangu. Keti, binti. Una pua ya Opal."

Verna hakuketi. "Niambie tu. Mama alirudi studio?"

"Hakurudi. Kipindi kikaanza, maikrofoni yake haina mtu. Ikafika zamu yake, mkono wangu ukagonga kwa mazoea. Na sauti ikatoka."

"Ikatoka wapi?"

"Ningejua, ningepata usingizi? Nilisimama pale pale. Watazamaji walidhani yuko nyuma ya mlango. Mwenzetu aliyeigiza mume wa Bi. Pickett alipauka midomo, akaendelea kusoma. Tungefanyaje? Tulikuwa hewani. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutaja; nani angetupa kazi tena?"

"Mbona Roscoe anasikia mtu hai tu, mwenye afya zake?"

Mzee akasonya. "Roscoe! Alinipigia simu kujisifu kuwa amekisafisha kipindi. Katoa mikwaruzo, katoa kikohozi, katoa na maneno ambayo hayakuwemo kwenye mswada, eti mtu kakosea. Hawa wenzako wa chama wanataka kipindi kitoke kisafi kuliko siku kilipotoka."

Akaiweka santuri kwenye gramafoni, akashusha sindano. Mikwaruzo. Hodi. "Nawasikia humo ndani!" Kicheko. Kisha, chini ya kicheko, sauti ile ile bila kubana pua, sauti ya mtu aliyekimbia akakosa pumzi:

"Lala, Karanga. Mama amechelewa kidogo."

Watazamaji wakacheka zaidi. Walidhani ni mzaha.

Verna alishika kiti. Hakuna aliyewahi kumwita Karanga ila bibi yake, na bibi alisema jina hilo Opal ndiye aliyempa, Verna akiwa bado mchanga.

"Wanacheka nini hawa?" akasema kwa hasira, machozi yakiwa karibu. "Wanacheka nini? Hakunitupa. Alikuwa anarudi nyumbani."

"Alikuwa anarudi," mzee akasema, akainua sindano.

Mlango mdogo ukagongwa, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mikono ya mzee ilikuwa bado kwenye santuri. Verna aliogopa, naam, lakini aliusogelea akaweka kiganja juu ya mbao.

"Nimekusikia, mama," akasema.

Wakangoja. Kahawa ikapoa. Mlango haukugongwa tena, na hapo ndipo Verna alipolia kwa sauti, kwa sababu alitaka ugongwe tena.