Kifaa cha Kuulizia

Kinyozi yule mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuchukia. Mdomo wake haukuwa na breki. Ukikaa kwenye kiti chake utasikia habari za mvua, za mpira, za jirani aliyegombana na mkwewe, mpaka ujiulize kichwa chako kinanyolewa au kinahutubiwa. Pahala pamoja tu ndipo aliponyamaza: wembe ukifika kooni. Hapo Redio huzima, pumzi anaibana, mpaka koo la mtu litoke salama.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amepigwa na kiharusi miaka mitatu nyuma. Akili haikuguswa, wala ucheshi wake. Kilichoondoka ni nguvu za mkono wa kulia na maneno yote, hata lile la kuomba maji. Tangu hapo Redio akawa ndiye mdomo wake. Mkewe akikunja uso hivi, mto umemkera. Akipepesa macho mara mbili, ndiyo. Akitazama ukutani, hapana. Wageni walitoka pale nyumbani wakisema, jamani, yule baba anajua kumsoma mkewe! Naye alikuwa anavimba kichwa, tusimfiche.

Basi mtaalamu wa matamshi wa hospitali akawaambia kuna mfuko wa serikali unaowapa vifaa watu wasioweza kusema. Kifaa chenyewe ni kama simu kubwa: unagusa herufi kwa kidole kimoja, ukimaliza unabonyeza, kinatamka. Kujinunulia wenyewe ilikuwa ndoto. Wakajaza fomu, wakaitwa ofisini kuhojiwa.

Sasa sikiliza kioja. Afisa wa mfuko, dada mmoja mpole mwenye miwani, akamwuliza mama, "Umelalaje?" Redio akadakia, "Kalala vizuri, ila ule mto umemkera." Angependa kunywa nini? Redio: "Chai, sukari usitie." Kila mara afisa anamgeukia mama kuhakikisha, na kila mara mama anapepesa mara mbili. Kweli tupu! Maswali kumi na mawili, Redio kayapata yote, akatoka pale kifua mbele kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Barua ilimkuta kazini, anamnyoa mteja ndevu. Maombi yamekataliwa. Mwombaji anaelewana vizuri na familia yake bila kifaa. Aliisoma mara tatu. Mteja akabaki na ndevu upande mmoja, akisubiri habari za mpira ambazo hazikuja.

"Nimemnyima mimi," Redio alisema mwishowe. "Mimi na mdomo wangu huu."

Nafasi ya rufaa ilikuwa moja tu. Ikishindikana hiyo, hakuna kuomba tena mpaka ipite miaka mitano. Mtaalamu akakubali mama ajifunzie kifaa cha hospitali, nusu saa kila asubuhi, katika chumba chenye wagonjwa wengine wanne. Kisha akamwambia Redio bila kuzungusha maneno: "Mzee, siku ya rufaa ukimjibia tu, umemkosesha."

"Hata salamu nisiseme?"

"Salamu sema. Kisha zima."

Loo, ilikuwa kazi. Mama akigusa herufi tatu, Redio keshalimalizia neno, tena kwa sauti, na wale wagonjwa wanamsaidia. Siku ya nne mama alichoka naye. Akainua mkono wa kushoto, akajigusa kooni kwa kidole, akamkazia macho. Wembe umefika kooni, baba. Redio alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akanyamaza kweli. Lakini moyoni alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kifaa kikija, yeye atakuwa wa nini tena?

Siku ya rufaa akakaa kwenye benchi kando ya mlango, kitana mkononi, akihesabu meno ya kitana. Kifaa cha hospitali kikawekwa mbele ya mama.

"Mama," afisa akaanza, "mumeo anakuelewa?"

Kidole kikaenda polepole. Sauti ya kifaa ilikuwa ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Nusu."

Nusu! Redio alinyanyuka kidogo kwenye benchi. Miaka mitatu ya mito na chai, kumbe nusu? Mama hata hakugeuka. Alijigusa koo tu, na Redio akakaa, mdomo umefungwa, macho yanamwasha.

"Na nusu nyingine?"

Hapo kidole kilichukua muda mrefu. Mara mbili mama alikosea, akafuta, akaanza upya, na hakuna mtu aliyemsaidia. Redio alisikia vidole vya miguu vikijikunja ndani ya viatu. Hatimaye kifaa kikasema: "Ananiuliza, najibu. Mimi siwezi kumuuliza."

Afisa akavua miwani. "Ungependa kumuuliza nini?"

"Hilo ni lake," kikasema kifaa, "si lako." Afisa akacheka, akaandika mistari miwili kwenye fomu, akagonga mhuri.

Kifaa cha mama mwenyewe kiliwasili wiki ya sita baada ya rufaa. Redio alirudi mchana kula, akamkuta amekaa mezani karibu na cherehani lake, boksi limeshafunguliwa, uso umemng'aa. Hakumwuliza kitu. Safari hii alivuta kiti, akasubiri, na kidole kikatembea.

"Redio. Wewe umeshindaje?"

"Aa, salama tu, mke wangu, salama kabisa, leo wateja walikuwa—"

Mama akajigusa koo.

Redio akazima. Alitazama mikono yake, ina vinywele vya watu bado. Watu walimwuliza mkeo anaendeleaje, kila siku, kila kiti. Hili swali lingine lilikuwa halijamfikia tangu siku ile ya kiharusi, na sasa lilipofika alikosa pa kuliweka. Mama alingoja. Alikuwa anajua kungoja kuliko mtu yeyote.

"Nimechoka," Redio alisema. "Nimechoka mama, na nakukumbuka. Uko hapa na nakukumbuka. Nikinyamaza tu nyumba inakuwa kimya, ndiyo maana sinyamazi."

Akalia, kinyozi wa watu, bila aibu. Mama akamfuta shavu kwa mkono wa kushoto, kisha akaurudisha mkono ule ule kwenye kifaa, herufi moja baada ya nyingine.

"Najua. Haya, nieleze yote."

Wateja wa mchana walisubiri sana siku ile.